Mpima Viwanja Kisiwani Kisenda

Ukitaka kumjua Zorobabel Lusenge, nenda Rughenda, upande ule wa uwanja wa ndege wa Butembo, uulize ni nani aliyepima viwanja vya pale. Watakuambia ni yeye. Tena watakuambia hata ambacho hukuuliza: kwamba siku aliyopigiwa simu kuhusu mkewe alikuwa na utepe mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akajibu "sawa," akarudisha simu mfukoni, kisha akainama akamaliza kupima kiwanja cha watu. Butembo watu wanaamka mapema kwa ajili ya biashara, lakini umbeya nao hauchelewi. Habari hiyo ilizunguka soko zima kabla jua halijatua. Wengine walisema mtu huyu ana moyo wa jiwe. Wengine wakasema ana moyo wa chuma, wakidhani wanamsifu.

Mimi nasema hawakumjua. Moyo wake haukuwa wa jiwe wala wa chuma, ulikuwa umekufa ganzi tu, na ganzi haimuulizi mtu ruhusa. Alikula chakula kilichoungua akasema kizuri. Alinyeshewa mvua barabarani na mwavuli uko kwapani. Jirani akimpa pole, alijibu "asante" kwa sauti ile ile aliyotumia kumjibu muuza mkate. Kazi yake aliifanya vizuri kuliko zamani, maana kazi ya kupima haitaki moyo, inataka macho na mikono isiyotetemeka.

Mkewe aliitwa Kavuo. Alikuwa amekwenda kuvuna kakao kwenye shamba la mama yake, ng'ambo ya Beni, upande wa Mbau. Watu wa porini, wale waasi wenye silaha, waliingia mashambani asubuhi kweupe. Waliouawa siku hiyo walipatikana, wakazikwa. Kavuo hakuwa miongoni mwao. Alionekana kwa mbali akiondolewa pamoja na wengine, amebebeshwa gunia, na tangu hapo hakuna jicho lililomwona tena. Mwaka uliofuata alirudi mwanamke mmoja aliyetekwa siku ile ile, amekonda vibaya, akasema Kavuo walikuwa naye mpaka walipovuka mto wa pili, baada ya hapo hajui. Miaka ilipita juu ya neno hilo "hajui."

Sasa, kwetu sisi Wanande mtu asiyeonekana hatumwachi hivyo hivyo hewani. Akitafutwa na kukosekana, ndugu wanakata shina la mgomba kwa kimo chake, wanalivika nguo yake, wanalilaza kaburini, wanalia, wananyoa nywele, matanga yanaisha. Ndiyo maana Vagheni, kaka yake Kavuo, alimwendea shemeji yake mara ya kwanza, ya pili, na nyingine nyingi nisizotaka kuzihesabu, akimwomba wamzike dada yake kwa njia hiyo. Zorobabel alikuwa na jibu moja tu.

"Hajaonekana," alisema. "Donc hajakufa."

Watu walidhani ana matumaini, wakamhurumia. Hakuwa na matumaini hata ya kulamba. Alijua kama wote walivyojua. Kilichomzuia ni kitu kingine ambacho hakukisema kwa mtu yeyote: aliogopa kwamba watamzika Kavuo mbele ya ukoo mzima, na yeye atasimama pale kando ya kaburi asihisi chochote. Hapo angejua kwa hakika kwamba hata yeye amekwisha.

Jambo hilo lingeweza kubaki hivyo mpaka uzee, kama si binti yao Élise. Élise alikuwa mtoto wao wa pekee, fundi cherehani, na alikuwa amechumbiwa na Kambere, kijana mpole anayeuza vipuri vya pikipiki. Mbuzi wa mahari walikuwa tayari. Ila mbuzi hawaingii katika ua ambao mama wa nyumba hajulikani kama ni wa kusalimiwa au wa kuombewa. Vagheni ndiye mjomba, bila yeye mahari haipokelewi, na Vagheni alikuwa amekata kauli: hataketi kupokea mbuzi wa mtoto wa dada yake wakati dada mwenyewe hana kaburi wala kiti. Kwa upande wao, akina Kambere walikuwa wavumilivu, lakini uvumilivu wao ulikuwa umeanza kukohoa. Walisema watangoja mpaka kiangazi kiishe, baada ya hapo kijana atafutiwe kwingine.

"Papa," Élise alimwambia baba yake jioni moja huku akikunja kitambaa, "mi sikukaziye. Mais unipatie jibu. Ndiyo ao hapana. Hii ya katikati inaniuwa."

Baba mtu alitazama mikono ya binti yake, akasema, "Nimesikia." Kisha akaenda kufunga mlango wa banda la kuku, ambao ulikuwa umeshafungwa.

Wiki hiyo hiyo ndipo Nadège alipomtafuta. Nadège Syauswa ni mtoto wa Butembo. Alisomea Kinshasa mambo ya kale, yale ya kuchimba vigae na kujua babu wa babu yetu alikula nini, akarudi na kazi: kuandikisha mabaki ya watu wa zamani kwenye kisiwa kidogo cha Kisenda, katika ziwa Édouard, kabla maji hayajakimaliza. Kila msimu wa mvua ziwa lilikuwa linamega ukingo wa kisiwa na kumeza kilichomo. Alihitaji mtu wa kupima na kuchora ramani. Mchoraji aliyeahidiwa kutoka Kinshasa alikubali kwa furaha, akasaini, akauliza kisiwa kiko wapi, akasikia neno "Beni," na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Basi Nadège akaulizauliza mjini, akaelekezwa kwa mtu anayepima hata akifiwa.

Zorobabel alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Kwenda mbali na swali la Élise lilikuwa jambo jema. Mimi simsafishi, alikimbia.

Waliteremka kwa njia ya Kyondo, kutoka baridi ya milima mpaka joto la ziwani, masikio yakiziba na kuzibuka. Huko Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi, aliwapokea Aruna, mtu wa Beni, Mwislamu mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi, ambaye zamani aliendesha lori mpaka watu wa porini walipolichoma moto njiani, naye akanusurika kwa kulala mtaroni. Siku hizi alikuwa na mtumbwi wa injini. Alisema maji yana faida moja: mtu akikuvizia unamwona.

Kisiwa chenyewe ni kidogo mno. Ukipiga chafya huku, mtu wa kule atakuambia pole. Hakikaliwi na mtu. Kuna majani, mawe, ndege wanaochafua mawe, na vibanda vya wavuvi vya kukaushia samaki. Ila chini ya majani hayo pamelala watu wengi. Nadège alikuwa akipiga magoti na brashi yake, anafuta udongo taratibu kana kwamba anamwosha mtoto uso, na vitu vinatokea: vigae vya vyungu vyenye michoro ya kamba, mawe ya kusagia, mafiga matatu bado yamepangwa yanangoja chungu, magamba ya konokono, mifupa ya samaki wa ukubwa ambao leo hatuuoni sokoni. Siku moja aliinua kichwa cha mkuki kilichochongwa kwa mfupa, chenye meno upande mmoja.

"Papa Élise, ona! Hii iko ya zamani kupita bafalme bote tunajua. Mutu alikaa hapa, akachonga, akaenda kuvua."

Zorobabel alikitazama. "Niandike urefu gani?" akauliza.

Aruna alicheka mpaka akakaa chini. Nadège hakucheka. Alimtajia kipimo, naye akakiandika mahali pake, kwa mwandiko ule ule wa viwanja vya Rughenda. Alikuwa amekigawa kisiwa kizima kwa kamba katika miraba, kila mraba na namba yake, na mara nyingine alijisahau akauita "parcelle," kama kiwanja cha mjini. Kazi yake ilikuwa safi, hilo hata adui angekiri. Jioni alikula samaki wake, akalala. Nadège na Aruna walikuwa wakizungumza kando ya moto na yeye anasikia sauti zao tu, maneno hayamfikii.

Shida ilianzia kwenye vigingi. Ili upime, lazima uwe na alama zisizohama, na Zorobabel alichonga vigingi vya mti akavipigilia kila pembe. Asubuhi havikuwepo. Wavuvi walikuwa wamepita na kuona kuni nzuri kavu, zimechongwa kabisa, wakamshukuru Mungu wakakaushia samaki. Akachonga vingine, navyo vikaenda njia ile ile. Basi akafanya kile ambacho kila mpimaji wa Butembo angefanya bila hata kufikiri. Alimtuma Aruna ng'ambo akalete matawi ya ule mti wetu wa mipaka, wenye majani marefu yenye ncha, ambao ukiuchomeka ardhini unashika hata bila maji. Akayachomeka moja moja kwenye pembe zake zote, mstari umenyooka, ukapendeza. Kwetu mti huo hauchezewi. Mtoto mdogo tu anajua kwamba anayeung'oa anatafuta ugomvi wa vizazi. Zorobabel alilala amejua kwamba sasa alama zake ziko salama.

Na kweli hazikuguswa. Isipokuwa asubuhi iliyofuata Aruna aliangalia ziwani akaita, "Mama weee!" Mitumbwi ilikuwa inakuja, imejaa wanawake, na wanawake hao hawakuwa wanaimba.

Wa kwanza kukanyaga nchi kavu alikuwa Rébecca, muuza samaki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu wanne. Alipita katikati ya vyombo vya Nadège akaenda moja kwa moja kwa mwanaume aliyeshika utepe.

"Nani aliwauzishia hii kisiwa? Sema jina yake! Ni chef? Ni député? Sema!"

"Mama, hakuna mwenye aliuzisha," alijibu Zorobabel. "Tuko napima tu. Ni mambo ya bankambo, ya zamani."

"Kupima! Bote banasemaka vile. Leo unapima, kesho unaleta ciment, kesho kutwa sisi tunafukuzwa na mapanga ya police." Alionyesha mstari wa majani marefu. "Na hii miti ni ya nini? Weye uko Munande ao hauko Munande?"

"Niko Munande."

"Basi unajua yenye ulifanya."

Alijua. Ilimjia pale pale, na hata katika ganzi yake aliona aibu kidogo, sehemu ya masikio. Alikuwa amekizungushia kisiwa cha watu mpaka, kama mtu aliyekinunua. Nadège naye alijishika kichwa: Mnande wa pili, tangu jana alikuwa akiruka matawi hayo kwenda na kurudi na hakuona kitu. Walikuwa wamezoea mno kuyaona mjini. Waliomba msamaha wote wawili, na Zorobabel akaahidi kuyang'oa kwa mkono wake mwenyewe. Rébecca hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema sawa, atamfuata nyuma ayaone yanang'oka.

Walikizunguka kisiwa hivyo, mwanaume mbele anang'oa, mwanamke nyuma anakokota rundo la matawi na kunung'unika, mpaka upande wa mashariki ambako ziwa lilikuwa limekata ukingo wima kama mkate. Juu ya ukingo palikuwa na marundo ya mawe, yaliyopangwa vizuri. Zorobabel alikuwa ameyachora yote. Tawi la mwisho lilikuwa kando ya rundo moja dogo. Alipoinama kulishika, Rébecca alimgusa bega, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Polepole hapo. Mutoto yangu iko hapa."

Alisema kijana wake alizama miaka kumi na kitu iliyopita, upepo ulipopindua mtumbwi. Walitafuta. Ziwa halikumrudisha. Palepale, chini yao kwenye ukingo uliokatwa, Nadège alikuwa akisafisha kaburi jingine, la zamani sana, lililobaki wazi baada ya maji kumega udongo. Lilikuwa limemsumbua siku nyingi. Udongo wa kisiwa kile unatunza mifupa, hata uti wa samaki mdogo unaukuta mzima. Makaburi mengine mawili yaliyomegwa yalikuwa na mifupa yake. Hili lilikuwa na shimo, lilikuwa na mawe juu, na ndani yake hapakuwa na hata jino. Palikuwa na mstari tu wa udongo mweusi, laini, uliolala kwa urefu.

Rébecca aliinama kutoka juu akatazama. "Huyu naye ziwa haikumurudisha," akasema.

Nadège aliinua uso. "Nilikuwa nawaza vile, mama. Mais niliogopa kuandika mbele ya kuuliza benyewe."

"Ni mugomba, mwanangu. Unaoza, unabakia vile. Na mwaka ujao maji itakuya kubeba hata na wangu. Mumuandike. Muandike ya kwamba alikuwa hapa."

Nadège alisema atamwandika, na akauliza jina, na Rébecca akalitaja taratibu. Zorobabel alikuwa bado ameshika lile tawi. Ukimuuliza leo atakuambia hakutaka kusema neno, kinywa kilijifungua chenyewe.

"Mama," alisema, "siku mulizika ule mugomba, ulilia?"

Rébecca alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona nini sijui, lakini alikaa chini kwenye majani, miguu ameinyoosha.

"Hapana," alijibu. "Hata tone. Miaka mbili sikulia, nilikuwa nauzisha tu samaki, nauzisha, narudi, nalala. Siku ya kuzika nikasema leo itatoka. Bakakata mugomba urefu wake, bakauvalisha shati yake ya communion, bakashusha. Hakuna kitu. Batu bakaanza kusema niko mulozi, nilimukula mwenyewe."

"Na kisha?"

"Kisha nikarudia samaki. Ulizani nitasema kitu ilibadilika? Hapana. Ni ile tu: mutu akiniuliza mutoto wako iko wapi, naonyesha na kidole. Mbele ya pale sikukuwa na fasi ya kuonyesha."

Kisha akauliza, "Ni nani yako?"

"Bibi yangu."

"Ziwa?"

"Pori."

Rébecca alitikisa kichwa, hakutia neno la pole, na hilo lilimfaa. Zorobabel aling'oa tawi, akampa. Nadège alimwita kutoka chini: kabla wanawake hawajaondoka alitaka urefu wa ule mstari mweusi, jua bado likiwa zuri. Alishuka, akanyoosha utepe kando ya udongo, akasoma. Ulikuwa mfupi kuliko alivyotazamia. Alirudia kusoma, si kwa kuwa alikosea. Alisimama pale akiwaza kwamba zamani zile, mtu asiyejua namba yoyote alisimama mbele ya mgomba akasema kateni hapa, naye alijua. Alikiandika kipimo. Mkono ulikuwa imara kama kawaida, lakini alikuwa amelowa jasho mgongo mzima.

Kyavinyonge mtandao unapatikana ukipanda kilima. Alipanda, akampigia Élise.

"Mwambie tonton Vagheni atafute mugomba," alisema.

Upande wa pili cherehani ilisikika ikisimama. "Papa," Élise alisema, "uko muzima?"

"Sijui. Mwambie tu."

Wakamaliza kisiwa. Kaburi la mtoto wa Rébecca lilichorwa na jina lake, kando ya watu wa kale ambao majina yao hayajulikani. Zorobabel alirudi Butembo amekauka kama alivyoondoka, ila sasa alikuwa ameacha kukimbia. Alijiambia kama Rébecca aliweza kusimama macho makavu, naye ataweza, waseme watakavyo. Alikwisha kusemwa sana.

Kaburi lilichimbwa Masereka, kwa baba zake Zorobabel, juu huko ambako ukungu unakaa mpaka saa nne. Masereka ni nchi ya viazi. Mgomba wenye shina la maana hauoti kwa baridi ile. Kwa hiyo mgomba ulitoka Butembo, umelazwa mzima kwenye gari pamoja na wakwe, shangazi, masufuria na padri. Vagheni aliukalia safari nzima ili usiruke kwenye mashimo. Kanga ya Kavuo ilikuwa imekunjwa mapajani mwa Élise.

Walipofika waliulaza nje ya mlango. Vagheni alinoa panga lake, akamuuliza shemeji yake lile swali ambalo lazima liulizwe, na ambalo Zorobabel, mtu wa vipimo, katika siku zote hizo za kujiandaa, hakuwa ameliwaza hata mara moja.

"Beau, kimo chake kilikuwa namna gani? Weye njo bwana yake. Sema, nikate."

Zorobabel alifungua kinywa. Alijua upana wa barabara zote za Rughenda. Alijua urefu wa mtu aliyekufa ziwani kabla ya wafalme. Urefu wa mkewe hakuujua. Hakuwahi kumpima, nani anampima mke? Alitafuta kichwani mwake namba, hata ya kukisia, akakuta patupu, na patupu hapo palimtisha kuliko yote aliyokuwa ameyaogopa.

Shangazi mmoja akasema alikuwa mrefu, alikuwa anainama mlangoni. Mwingine akasema hapana, aliyekuwa anainama ni dada yake, Kavuo alikuwa wa kadiri. Vagheni akasema alikuwa mrefu kama baba yao. Wakaanza kubishana, kila mmoja ameinua kiganja hewani kwa kimo chake, na viganja vikawa vingi, vya juu na vya chini.

"Mimi na mama tulikuwa sawa," alisema Élise, akasogea mbele. "Bapime kwangu. Nitalala kando yake."

Wanawake walipiga kelele kwa pamoja. "Kusha! Mutu muzima hapimwi ya kaburi! Mutoto huyu anataka kutuzikisha mbili?" Shangazi alimvuta mkono akamrudisha nyuma, akatema mate pembeni kuondoa maneno yale. Élise alijifunika uso kwa kanga ya mama yake.

Zorobabel aliuona uso ule ukifunikwa. "Muusimamishe," alisema.

"Nini?"

"Mugomba. Muusimamishe wima."

Wanaume wawili waliuinua, wakaushika. Ulikuwa mrefu kuwapita wote, unatoa maji pale ulipokatwa. Zorobabel aliusogelea mpaka karibu kabisa, akauzungushia mkono mmoja. Kwetu mume na mke hawakumbatiani njiani watu wakiwaona, hata safari iwe ndefu vipi. Lakini nyuma ya mlango, kabla Kavuo hajatoka na mzigo wake kwenda Beni, alikuwa akija kusimama mbele ya mumewe hivi, kimya, na mumewe alikuwa akimwekea mkono juu ya kitambaa cha kichwa. Basi. Halikuwa jambo la kusimulia, ndiyo maana hakuwa amelikumbuka. Sasa ule mkono wa pili ulipanda wenyewe kando ya shina, haukukisia, haukusita, ukafika usawa wa midomo yake ukatulia, kiganja kimelala bapa.

"Hapa," alisema. "Alikuwa anafika hapa."

Vagheni alikuja akachora alama kwa ncha ya panga, chini tu ya kiganja. Élise alifunua uso akatazama mkono wa baba yake, akasema, "Ni vile. Ni vile kabisa."

Mguu uliokaliwa muda mrefu, damu ikirudi, unauma kuliko ulivyouma ulipokufa ganzi. Ndivyo ilivyomrudia, kuanzia kiganjani, ikapanda. Aliweka shavu kwenye ule mgomba wa baridi, akalia kwa sauti, kilio kibaya kisicho na mpango, cha mtu ambaye hajui tena namna ya kulia. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Vagheni alingoja, kisha akamgusa mgongoni. "Toka basi, beau. Nikate."

"Bado," alisema Zorobabel, na hakuuachia. "Usikate bado."

Vagheni akashusha panga, na watu wote wakangoja.